Simulizi za Ustahimilivu na Podikasti katika Vyuo Vikuu vya Butembo

Podikasti ya simulizi chuoni ni kipindi cha sauti ambacho wanachuo hukirekodi wenyewe na kukihifadhi kama faili, msikilizaji akakifungua saa anayotaka. Kinatofautiana na kipindi cha redio kwa jambo moja kubwa: hakipiti hewani kikapotea. Aliyekikosa Jumatatu atakisikiliza Alhamisi, aliyeguswa nacho atamrushia mwenzake, na aliyesimulia atakikuta bado kipo miaka kumi baadaye, akiwa na watoto na kazi ya heshima mjini. Huko kudumu ndiko neema ya podikasti, na ndiko hatari yake pia. Katika Butembo, ambako karibu kila mwanachuo ana jambo zito alilolipitia, yote mawili yanahitaji kupimwa kabla kinasa sauti hakijawashwa.

Butembo ni mji wa biashara wa Kivu ya Kaskazini, mashariki ya Kongo, ulio karibu na mstari wa Ikweta, kiasi cha kilomita 54 kusini ya Beni kwenye barabara ya taifa namba 2. Wafanyabiashara wake huagiza mali Dubai na Guangzhou, na wenyeji wake wamezoea kujitegemea pale serikali inapokosekana. Vyuo vyake vilizaliwa katika desturi hiyo. Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, UCG, kilianzishwa mwaka 1989 chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, ambaye baadaye akiwa askofu mkuu wa Bukavu alihamishiwa Butembo kwa nguvu na waasi mwaka 2000, akafariki Roma mwezi Oktoba mwaka huohuo. Mjini kuna pia Chuo Kikuu cha Asumpsioni na Chuo Kikuu cha Serikali cha Ruwenzori. Huko Lukanga kuna chuo cha Waadventista, na Beni kuna Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili, UCBC, kilichofunguliwa mwaka 2007. Wanaokaa kwenye madawati ya vyuo hivi wametoka Oicha, Mangina, Kasindi, Lubero, Kanyabayonga na Ituri. Tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na makao ya serikali ya jimbo kuhamia Beni, vita vimekuwa kusini na kaskazini ya mji kwa pamoja.

Butembo haihitaji kufundishwa na podikasti namna ya kuzungumza hadharani. Mtaani Furu, wanaume na vijana husimama kujadili habari za siku katika jukwaa linalojulikana kama Parlement Debout de Furu, na neno la mtu hupimwa papo hapo mbele ya wengine. Redio Moto ya dayosisi ya Butembo-Beni huingia jikoni na shambani. Redio Okapi, iliyoanza kurusha matangazo tarehe 25 Februari 2002, hutangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Juu ya hayo yote kuna ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao hubeba matanga, ndoa, bei za bidhaa na tahadhari za usalama kutoka simu hadi simu. Podikasti ya chuo imekuta masikio yaliyozoea sauti. Jipya inaloleta ni nafasi ya mtu mmoja kusema polepole, kwa dakika ishirini au thelathini, bila kukatizwa na bila kubishiwa.

Simulizi iliyo karibu zaidi na vyuo hivi ni ya Ebola. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko wa kumi wa ugonjwa huo nchini, chanzo kikiwa Mangina, magharibi ya Beni. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, 2,287 wamekufa na 1,171 wamepona. Butembo na kanda ya afya ya Katwa ziliumia sana. Mwishoni mwa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa kwa kufuatana, siku tatu tu zikipita kati ya mashambulizi hayo. Tarehe 19 Aprili mwaka huo, daktari Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko, aliuawa ndani ya hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo akiwa mkutanini. Mwanafunzi wa udaktari wa Butembo hakuisoma habari hiyo kwa mbali. Ilitokea katika jengo ambalo wenzake hufanyia mazoezi ya kazi.

Waliopona, ambao mjini huitwa washindi, walirudi nyumbani na cheti cha hospitali mkononi, na bado wengine wakakuta jirani anakwepa mkono wao na mteja anapita bila kununua. Mlipuko mdogo uliotangazwa Butembo tarehe 7 Februari 2021, wenye wagonjwa 12 na vifo 6, uliongeza hofu hiyo, kwa sababu uchunguzi wa vinasaba uliuhusisha na ule uliotangulia, na mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa mke wa mtu aliyepona. Mtu aliyetajwa kwa miezi mingi kama takwimu, na baadaye kama tishio, anaposema kwa sauti yake jinsi alivyolala wodini na jinsi alivyopokelewa mtaani, msikilizaji anapata maarifa ambayo tangazo la afya halina.

Kuna sehemu ya historia hiyo ambayo inastahili kurekodiwa kabla wahusika hawajatawanyika. Wakati wa mlipuko, wanawake waliopona waliwekwa kulea watoto ambao mama zao walikuwa wametengwa kwa matibabu, au watoto waliokuwa wakingojea kujulikana kama wameambukizwa. Waliweza kuwabeba na kuwalisha wakati ambapo jamaa wa damu walikatazwa kusogea, kwa kuwa miili ya wanawake hao ilikuwa na kinga. Hii ni simulizi ya kazi: zamu za usiku, maziwa, hesabu ya watoto asubuhi. Ustahimilivu husikika vizuri zaidi katika mambo ya namna hii kuliko katika maneno makubwa ya ushujaa. Mtayarishaji mzuri humuuliza msimuliaji alifanya nini kwa mikono yake siku ile, kabla ya kumuuliza alijisikia vipi.

Chanzo cha pili cha simulizi ni vita. Mauaji ya raia katika eneo la Beni yalianza kushika kasi Oktoba 2014, na yamefika makanisani, kama ilivyotokea Kasindi tarehe 15 Januari 2023 bomu lilipolipuka wakati wa ibada. Wanachuo wengi husoma huku mashamba ya wazazi waliokuwa wakiwalipia karo hayafikiki. Wapo waliorudia mwaka kwa sababu barabara ilifungwa, na wapo wanaoishi katika chumba kimoja na ndugu waliokimbia vijiji. Mambo haya huonekana madogo mbele ya maiti, kwa hiyo mara nyingi hayasemwi, wala hayaandikwi katika ripoti yoyote.

Katika kuzipanga simulizi kama hizi ndipo podikasti nyingi za ustahimilivu, duniani kote, huharibika. Zina umbo moja lililokwisha kukatwa: taabu, kisha msaada au maombi, kisha ushindi. Asiye na ushindi hupangiwa ushindi. Lakini Kivu ya Kaskazini imejaa mambo yasiyo na mwisho. Mapadre watatu Waasumpsioni walitekwa parokiani Mbau tarehe 19 Oktoba 2012, na jamaa zao wameishi tangu siku hiyo bila kaburi na bila barua. Familia nyingi za Oicha na Eringeti zina mtu wa namna hiyo. Simulizi yao ni ya kustahimili kutokujua, na haimaliziki kwa furaha. Mhariri anayeilazimisha imalizike vizuri anamdhulumu msimuliaji na kumfundisha msikilizaji kwamba mwenye huzuni isiyokwisha ameshindwa. Butembo ina fahari kubwa ya kujisimamia, na fahari hiyo imejenga mengi. Inapogeuka kuwa sheria ya kutokulia, podikasti haina budi kuipinga.

Swali la msingi ni hili: je, kusimulia kunamponya mtu? Jibu la wataalamu lina masharti. Tangu mwaka 1986 utafiti wa James Pennebaker nchini Marekani umeonyesha kwamba watu walioandika kuhusu mambo yaliyowaumiza, kwa siku chache mfululizo na kwa faragha, walikwenda kwa daktari mara chache zaidi baadaye. Karibu zaidi na nyumbani ni kazi ya Frank Neuner na wenzake katika kambi ya wakimbizi ya Imvepi, kaskazini ya Uganda, iliyochapishwa mwaka 2004. Wakimbizi 43 kutoka Sudan wenye msongo mkali wa baada ya kiwewe waligawanywa makundi. Kundi moja lilisimulia maisha yote kwa mpangilio wa miaka, katika vikao vinne, mshauri akiandika na kuwasomea tena. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 29 tu ya kundi hilo ndio waliokuwa bado na ugonjwa huo, dhidi ya takribani asilimia 80 katika makundi mengine. Katika njia hiyo mtu hutandaza kamba chini na kuweka maua kwa siku njema na mawe kwa siku mbaya, ili maisha yake yaonekane yote na jiwe moja lisiyafunike. Mwishoni hukabidhiwa maandishi ya maisha yake mwenyewe.

Ukiuangalia vizuri utaratibu huo, utaona unavyotofautiana na kipindi cha kurekodi mara moja na kurusha. Kuna vikao kadhaa, kuna msikilizaji aliyefunzwa, kuna faragha. Kwa upande mwingine, mapitio ya majaribio mengi kuhusu kumtaka mtu aeleze tukio baya katika kikao kimoja, muda mfupi baada ya kutokea, hayakuona kwamba njia hiyo inazuia ugonjwa wa kiwewe. Katika baadhi ya majaribio iliwaacha watu katika hali mbaya zaidi. Kwa hiyo podikasti haitakiwi kujitangaza kama tiba. Aliyenusurika shambulio wiki iliyopita hapelekwi kwenye kinasa sauti. Anapelekwa kwa mtu anayejua kumsaidia, na podikasti inamngoja hadi atakapotaka mwenyewe.

Onyo jingine limetoka Kivu kwenyewe. Mwaka 2010 mtafiti Elizabeth Levy Paluck alichapisha matokeo ya mchezo wa redio wa kupatanisha jamii uliorushwa mashariki ya Kongo. Katika baadhi ya maeneo mchezo ulifuatiwa na kipindi cha mazungumzo kilichowahimiza wasikilizaji wajadiliane. Baada ya mwaka mmoja, waliosikiliza mchezo pamoja na mazungumzo walijadiliana zaidi, kama ilivyokusudiwa. Lakini walikuwa pia na uvumilivu mdogo zaidi, walikumbuka zaidi manung'uniko yao, na walikuwa wazito zaidi kumsaidia mtu wa kundi wasilolipenda. Matokeo haya yanapaswa kusomwa na kila anayeanzisha podikasti Butembo. Simulizi ya mtu mmoja inaweza kufungua moyo wa msikilizaji, na simulizi ileile ikifuatiwa na dakika kumi za kutaja kabila la muuaji inaweza kuufunga. Mtangazaji ana wajibu wa kumweka msimuliaji katikati, na kukata sehemu inayomhukumu jirani kwa ukoo wake.

Kutokana na hayo, kazi nzito ya podikasti hufanyika kabla na baada ya kurekodi. Kwanza kuna mazungumzo yasiyorekodiwa, ambamo msimuliaji anaelezwa nani atasikia, kwa njia gani, na kwamba faili likishasambaa kwenye simu za watu haliwezi kurudishwa. Kisha anachagua anachokubali kusema na asichokubali. Baada ya kuhariri, yeye ndiye msikilizaji wa kwanza, na anaweza kuondoa sentensi, jina au kipindi kizima bila kudaiwa sababu. Ridhaa hii si adabu tu. Kongo ina sheria ya mambo ya kidijitali, Sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda taarifa binafsi, na siku hiyohiyo ilitolewa sheria ya uhuru wa vyombo vya habari. Aidha, tangu Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri zimo chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, ambapo mahakama za kijeshi zilipewa mamlaka juu ya raia. Kitivo cha sheria kina kazi hapa: kusoma kila simulizi inayogusa jeshi au makundi yenye silaha kabla haijatoka.

Hatari si ya kufikirika. Padre Vincent Machozi, Mwasumpsioni aliyekuwa akiendesha tovuti ya Beni-Lubero Online iliyoandika mauaji ya eneo hilo, alipigwa risasi na kufa huko Vitungwe-Isale, karibu na Butembo, tarehe 20 Machi 2016. Mtangazaji Papy Mumbere Mahamba aliuawa nyumbani kwake Lwemba, Ituri, usiku wa tarehe 2 Novemba 2019, alipokuwa ametoka kuongoza kipindi cha redio kuhusu Ebola. Mwanachuo wa mwaka wa pili asibebeshwe mzigo uliowaangusha hao. Simulizi inayotaja jina la mhalifu inahitaji wakili na mwendesha mashtaka. Podikasti ya chuo haina nguvu za kumlinda anayelitaja.

Kuficha jina kunasaidia, lakini si rahisi kama kunavyodhaniwa. Katika jamii ambamo majina ya kufuata mpangilio wa kuzaliwa, kama Kambale, Kasereka, Masika na Kavira, yamejaa kila darasa, jina lenyewe halimfichui mtu sana. Kinachomfichua ni sauti, kijiji, kazi ya baba, idadi ya ndugu. Kubadilisha sauti kwa programu humfanya msimuliaji asikike kama mashine, na msikilizaji humwondolea imani. Njia bora ni kumpa mwingine asome maneno hayo, kwa kutangaza wazi kwamba ndivyo ilivyofanyika, na kuondoa alama za mahali. Kwamba maneno yasiyo na jina yana uzito, Beni ilithibitisha. Septemba 2020 mashirika mawili ya habari yalichapisha ushuhuda wa wanawake 51, wengi wao bila majina, kuhusu kudhulumiwa kingono na wafanyakazi wa operesheni ya Ebola. Tume huru iliyoundwa baada ya hapo ilitoa ripoti tarehe 28 Septemba 2021 na kuwabaini watuhumiwa 83, wakiwamo 21 waliokuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani.

Lugha nayo huamua nini kitasemwa. Masomo ni kwa Kifaransa, na mwanachuo anayesimulia kwa Kifaransa huelekea kuzungumza kana kwamba anatetea tasnifu. Kiswahili humfikisha kwa muuza soko, dereva wa pikipiki na mwenzake wa Bunia au Bukavu. Kinande ndicho alichobembelezewa, na mara nyingi ndicho kinachotoka anapofika mahali penye machozi. Aachwe abadili lugha anavyotaka. Msomaji mwingine anaweza kufasiri baada ya sentensi chache, na sauti ya asili ibaki.

Kuhusu vifaa, mahitaji ni madogo. Simu ya kawaida ikizimwa mtandao, ikiwekwa shubiri moja kutoka mdomoni katika chumba chenye magodoro au mablanketi ukutani, hutoa sauti safi ya kutosha. Adui wa Butembo ni mvua juu ya mabati na jenereta ya jirani, kwa hiyo asubuhi isiyo na mawingu ndiyo saa ya kazi. Hesabu ya mega ni muhimu zaidi. Kipindi cha nusu saa kikihifadhiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde hufikia mega 29. Kwa kilobiti 32, kwa njia moja ya sauti, huwa mega 7 tu, na maneno bado yanasikika barabara. Kwa mwanafunzi anayenunua intaneti kidogokidogo, tofauti hiyo ndiyo huamua kama atasikiliza au ataacha.

Wala intaneti si njia pekee ya kufika. Tangu tarehe 31 Desemba 2018 hadi karibu wiki tatu baadaye, serikali ilikata intaneti nchi nzima kwa sababu ya uchaguzi, na ilikuwa katikati ya Ebola. Beni na Butembo zilikuwa zimeondolewa hata kwenye kura yenyewe ya rais. Podikasti inayotegemea mtandao peke yake ingekaa kimya wakati ilipohitajika kuliko wakati wowote. Faili hupita vizuri kwa fulashi, kwa kadi ya memori na kwa Bluetooth katika nyumba za wanafunzi, na kipindi kilichokamilika kinaweza kupelekwa redioni kirushwe kwa wasio na simu za kisasa. Kusikiliza kwa pamoja, watu kumi au kumi na tano katika chumba kimoja na mwalimu au mshauri akiwapo, kuna faida nyingine: anayeguswa sana haachwi peke yake na spika za masikioni.

Mifano ya kujifunzia ipo. Nchini Kenya, Adelle Onyango alianzisha podikasti ya Legally Clueless mwaka 2019, na ndani yake Waafrika wa kawaida husimulia maisha yao kwa sauti zao wenyewe, bila mtangazaji kuwasemea. Nchini Marekani, StoryCorps iliyoanzishwa na Dave Isay mwaka 2003 huwakalisha watu wawili wanaofahamiana wahojiane kwa dakika 40, na kwa ridhaa yao nakala huwekwa kwenye hifadhi ya Maktaba ya Bunge. Butembo inaweza kuazima mpango huo wa watu wawili: binti na mama yake, mwanafunzi na mlezi wa watoto wa Ebola, wenzi wa chumba kimoja waliokimbia pamoja. Swali la anayekujua huenda mbali kuliko la mwandishi wa habari, na heshima ya kuitana mama, papa au yaya hubaki mahali pake.

Linalobaki ni hifadhi. Simu huibiwa, akaunti hufungwa kwa neno la siri lililosahaulika, mwanafunzi aliyekuwa mhariri huhitimu na kuondoka na kompyuta yake. Maktaba za UCG, za Asumpsioni na za UCBC zinapokea tasnifu kila mwaka na kuziorodhesha. Zinapaswa kupokea sauti hizi vilevile, nakala mbili katika majengo mawili, pamoja na karatasi ya ridhaa inayosema nani anaruhusiwa kusikiliza na tangu mwaka gani. Wakuu wa vyuo wasingoje mradi wa wafadhili ili kulifanya hilo, kwa sababu waliolea watoto wa Ebola mwaka 2019 huenda bado wako Butembo na Beni, na wanaweza kuulizwa leo.